Bega la Mwanariadha wa Kitimwendo Halipumziki kwa Kuacha Mazoezi

"Pumzisha mkono wiki sita." Mchezaji wa soka aliyeumia bega akiambiwa hivyo na daktari, anaelewa na anaweza kutii: anatundika mkono kwenye kitambaa shingoni, anatembea kwenda kazini, anasubiri. Mwanariadha wa kitimwendo anayeishi Igogo au Mabatini, jijini Mwanza, akiambiwa maneno yale yale, amepewa agizo lisilotekelezeka, kwa sababu hakuna aliyeketi naye kuhesabu mkono huo unafanya kazi gani tangu alfajiri.

Basi tuhesabu. Kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, mara 1. Kwenda chooni na kurudi, zimefika 3. Kwenda kwenye kigoda cha kuogea na kurudi, 5. Kupanda bajaji ya kwenda kazini na kushuka, 7. Bajaji ya jioni ya kwenda uwanjani, 9. Kuingia kwenye kiti cha mbio na kutoka, 11. Bajaji ya nyumbani, 13. Kuoga tena, 15. Kitandani, 16. Kila mara mabega mawili yamebeba mwili. Akiacha mazoezi kabisa anafuta bajaji ya uwanjani na kiti cha mbio, yaani mara 4. Mara 12 zimebaki palepale, pamoja na kila msukumo barabarani wa ringi, yaani duara la kushika pembeni ya gurudumu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nje ya mashindano miezi mitatu na bega likabaki vilevile, kisha akaambiwa hakupumzika vya kutosha.

Bega la mwanariadha wa kiti hutibiwa kwanza chumbani, chooni na barabarani. Uwanja unakuja mwisho.

Jambo hili haliwahusu wa Mwanza peke yao. Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi ilianza Örnsköldsvik, Uswidi, mwaka 1976, na katika mchezo wa skii wapo wanaoshindana wakiwa wameketi. Hufungwa kwenye kiti kilichoumbwa kulingana na mwili wao, chini yake kuna kifyonza mshtuko na ubao mmoja wa kutelezea, na mikononi wana magongo mafupi yenye vibao vidogo kwenye ncha. Mbio za kushuka mlima hupita kilomita 100 kwa saa, na anayeanguka hutua kwa mkono au bega. Mmarekani Alana Nichols alishinda dhahabu ya mpira wa kikapu wa kitimwendo Beijing mwaka 2008, na dhahabu 2 za skii Vancouver mwaka 2010. Mwaka 2013 aliumia bega, akafanyiwa upasuaji, na Machi 2014 akachukua medali ya fedha ya mbio za kushuka mlima Sochi. Habari kama hiyo husimuliwa kama ushujaa wa moyo, na ushujaa upo kweli. Lakini bega lililotoka kwenye upasuaji wa kano halibebi uzito wa mwili kwa wiki 12 hivi, na wiki hizo hazipitiki kwa moyo peke yake. Lazima awepo mtu wa kuinua, bafu lisilo na kizingiti, na kiti chepesi. Kwetu vitu hivyo huvikuti tayari. Vinatengenezwa, na fundi wa kuvitengeneza yupo karibu kila mtaa.

Tuanze na bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kikombe kinachokipokea ni kidogo, hivyo kinachokishika mahali pake ni misuli minne midogo inayotoka kwenye mfupa bapa wa mgongoni. Kano ya msuli wa juu hupita kwenye uwazi mwembamba chini ya mfupa unaofanya paa la bega. Kusukuma ringi hujenga kila siku misuli ya kifua na ya mbele ya bega, huku ya nyuma ikikosa kazi. Mabega yanavutwa mbele, uwazi unapungua, kano inasuguliwa. Kiti cha mbio nacho kinaongeza lake. Mwanariadha amepiga magoti, kifua kiko juu ya mapaja, na baada ya kila pigo kiwiko kinapanda juu ya mgongo huku mkono umegeukia ndani. Huo ndio mkao unaoibana kano zaidi.

Kano iliyosuguliwa huuma upande wa nje wa bega, huuma zaidi usiku ukilalia upande huo, na huchoma mkono unapopanda kati ya nyuzi 60 na 120, kisha maumivu yanapungua ukivuka hapo. Ukiwa na dalili hizo tu, una muda wa kujipanga. Usisubiri ikiwa bega limebadilika umbo baada ya kuanguka, mkono hauinuki kabisa, kuna ganzi upande wa nje wa bega, au vidole vimekuwa baridi. Nenda siku hiyo hiyo hospitali, Sekou Toure au Bugando. Eksirei inapigwa kwanza ili kujua kama mfupa umevunjika au umetoka. Tatizo ni kwamba eksirei ikiwa safi wengi huambiwa hawana kitu wakarudishwa nyumbani, na kano haionekani kwenye eksirei. Omba ultrasaundi ya bega.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo kuna tahadhari moja zaidi, na huwa inasahaulika. Ukiona ganzi mpya inapanda mkononi, ukishika kikombe cha chai na usihisi moto wake, au vidole vikapoteza nguvu bila kuanguka kokote, huenda tatizo si bega. Maji yanaweza kujikusanya ndani ya uti wenyewe, hata miaka mingi baada ya ajali, na hilo linahitaji kipimo cha picha cha MRI. Mazoezi ya bega hayatalitibu.

Siku 2 au 3 za mwanzo, barafu iliyofungwa kwenye kanga inatosha, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Kukandwa kwa nguvu siku hizo sikubaliani nako. Bega lililotoka likivutwa bila picha, mfupa unaweza kuvunjika au neva ikaumia, na bega la mwanariadha wa kiti ndiyo miguu yake.

Sasa nyumbani, ambako ndiko kazi kubwa iko. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, kiwe kiti cha choo. Choo cha kuchuchumaa kinamlazimisha mtu kushuka hadi sakafuni na kujiinua kurudi juu, na hakuna uhamaji mzito kwa bega kama huo. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda fremu ya bomba la chuma yenye tundu katikati, sehemu za kushika pembeni, na mipira kwenye miguu isiteleze kwenye saruji yenye maji. Urefu wake uwe sawa na wa kitimwendo chako. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu ni rahisi, lakini miguu yake hupanuka na kuvunjika mtu anapoegemea upande mmoja, na ndivyo hasa anavyofanya anayehama.

Kisha kitanda. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya mto wa kitimwendo. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 48 na 55. Pima kitanda mtu akiwa ameketi juu yake, maana godoro la sponji hubonyea na kipimo cha godoro tupu kitakudanganya. Seremala ataongeza vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda au ataipunguza hadi viwe sawa. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, ila kila unaposhuka jioni lazima upande asubuhi, kwa hiyo usawa ndio unaotakiwa.

Ubao wa kuhamia huondoa sehemu kubwa ya kujiinua. Plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 70, upana 25, ncha zote mbili zichongwe ziwe nyembamba, kingo zipigwe msasa, upakwe vanishi. Usiteleze juu yake ngozi ikiwa tupu, hasa baada ya kuoga. Ngozi yenye unyevu hushika ubao na kuchunika, na asiyehisi makalio hatajua hadi kidonda kianze. Weka kitimwendo kwa pembe ya nyuzi 30 hivi na kitanda, funga breki zote mbili, sogea mbele ya kiti. Kichwa na mabega viiname mbele, vielekee upande ulio kinyume na unakopeleka makalio. Mikono iwe karibu na mwili, isifunguke zaidi ya nyuzi 45, na vidole vishike ukingo badala ya kiganja kulazwa bapa. Hama kwa hatua ndogo tatu au nne, usiruke mara moja. Jaribu kuanzia kulia na kuanzia kushoto, kisha kwa wiki hizo tumia upande usiouma, hata kama kitanda kitahitaji kusogezwa upande wa pili wa chumba.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na iachiwe mtu mwingine. Dumu la lita 5 linakaa mapajani. Vitu vya kila siku vishushwe vikae kati ya kiuno na kifua.

Katika kipindi hiki watu huangalia bega na kusahau makalio. Aliyezoea kujiinua kwa mikono ili kupunguza mgandamizo hawezi tena kufanya hivyo, na sasa anakaa kwa saa nyingi kuliko zamani. Lala mbele, kifua kielekee mapajani, viwiko juu ya magoti, dakika 2 kila baada ya nusu saa. Au egemea kulia, kisha kushoto, juu ya meza. Kwa kweli njia hii ni bora hata kwa mwenye mabega mazima, kwa kuwa hakuna anayeweza kujiinua kwa mikono akakaa hewani dakika mbili. Weka kengele ya simu. Jioni kagua ngozi kwa kioo. Wekundu usiopotea baada ya nusu saa, au kwa ngozi nyeusi sana sehemu iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu, isikaliwe hadi ipone. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kumweka mwanariadha nje kwa muda mrefu kuliko bega lenyewe.

Kitimwendo cha kila siku kiangaliwe na fundi baiskeli kabla ya dawa yoyote kununuliwa. Tairi lenye upepo mdogo huongeza uzito wa kila msukumo. Jaza upepo kila wiki. Tairi la mpira mtupu halipigi pancha, lakini linaviringika kwa uzito, na kwa mwenye bega bovu ningechagua pancha. Ondoa nywele na nyuzi kwenye beringi za magurudumu madogo ya mbele. Ukiketi wima na mikono ikining'inia, ncha ya kidole cha kati ifike kwenye ekseli ya gurudumu kubwa. Ukishika kilele cha ringi, kiwiko kiwe na pembe ya nyuzi 100 hadi 120. Ukikaa chini mno, bega hupanda kila unaposukuma. Ekseli ikisogezwa mbele, kiti kinakuwa chepesi na mkono unaipata ringi kwa urefu zaidi, lakini pia kinapinduka nyuma kwa urahisi. Kwenye vilima vya Mwanza hilo si jambo dogo. Sogeza sentimita 1 kwa mara, mtu akiwa nyuma, na fungisha magurudumu madogo ya kuzuia kupinduka.

Namna ya kusukuma pia inabadilika. Msukumo uwe mrefu na laini, kisha achia na uruhusu mkono ushuke chini ya ringi kabla ya kurudi juu. Vipigo vifupi vya haraka vinaongeza idadi tu.

Halafu vilima. Mtu wa kilo 65 kwenye kiti cha kilo 15 akipanda mwinuko wa 1 kwa 12, yaani sentimita 10 za kupanda katika sentimita 120 za njia, anapigana na uzito wa karibu kilo 6.7 muda wote, mbali na msuguano wa barabara. Kwa kuwa mkono unasukuma sehemu tu ya mzunguko, kila msukumo unapita kiasi hicho. Mwinuko huo wa 1 kwa 12 ndio wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa njia nzuri ya viti. Njia za kupanda Bugando, Isamilo na mitaa iliyojengwa juu ya mawe ni kali kuliko huo. Katika wiki za kupona, kilima kisukumwe na mtu mwingine au na bajaji, hata kama ni mita mia mbili. Najua inauma kwa mtu ambaye miaka yote amepanda mwenyewe. Mchagulie kazi hiyo ndugu au jirani mmoja anayejua kuinamisha kiti nyuma kwenye ukingo wa mtaro, badala ya kila mpita njia kukamata mpini anavyotaka.

Maumivu ya kupumzika yakishatulia, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili, mazoezi yanaanza. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Chukua tyubu ya baiskeli, ikate kwa urefu upate kamba pana ya sentimita 3 na urefu wa mita moja na nusu, uifunge kwenye nondo ya dirisha. Kwanza, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90 na kubana taulo iliyokunjwa ubavuni, vuta tyubu kwenda nje. Taulo likianguka, umetumia msuli usiotakiwa. Pili, vuta viwiko viwili kurudi nyuma huku ukikutanisha mifupa bapa ya mgongoni, shikilia sekunde 3. Tatu, tyubu ikiwa imefungwa juu, ivute chini kuelekea paja mkono ukiwa umenyooka. Nne, inua mkono kwa mshazari, kati ya mbele na pembeni, kidole gumba kikitazama juu, usivuke usawa wa bega. Anza na mkono mtupu, kisha chupa ya nusu lita ya maji ambayo ni nusu kilo, baadaye ijaze mchanga mkavu na itakaribia gramu 800. Mazoezi mawili ya mwanzo yafanywe kwa uzito wa kuchosha, seti 3 za mara 8. Mawili ya mwisho kwa wepesi, seti 3 za mara 15. Kila siku nyoosha kifua: kiganja kwenye fremu ya mlango chini ya usawa wa bega, geuza mwili taratibu, sekunde 30, mara 3.

Kipimo cha maumivu ni hiki: yasizidi 3 kati ya 10 wakati wa zoezi, na yawe yameisha kesho yake asubuhi. Yakibaki, rudi nyuma hatua moja.

Ziwa Victoria liko karibu na watu watashauri kuogelea. Maji ya ufukweni yana kichocho, na mtu anayejaribu kupona hapaswi kujiongezea ugonjwa unaoshambulia tumbo na ini. Isitoshe, kuogelea kwa kurusha mikono juu ya kichwa ni mkao ule ule unaobana kano. Bwawa safi, baadaye, kwa mtindo wa mikono chini ya maji, ni sawa.

Dawa zinahitaji uangalifu mara mbili, kwa afya na kwa kanuni za mchezo. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kila duka la dawa muhimu, lakini huumiza tumbo na figo, na wenye kibofu kilichopooza mara nyingi wana figo zilizokwisha kupata maambukizi. Pimwa figo kabla ya kuzimeza kwa siku nyingi. Parasetamo isipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Tramado imekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Sindano za steroidi za kupunguza uvimbe (glukokotikoidi) zimekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2022. Ikichomwa ndani ya kiungo hesabu angalau siku 3 kabla ya kushindana, na 10 kama ni triamsinoloni, prednisoloni au prednisoni. Andika jina la dawa, kipimo na tarehe, maana msimamizi wa vipimo hatakubali neno "sindano ya bega".

Kurudi kwenye kiti cha mbio kunategemea mambo matatu, wala si tarehe: unahama kitandani bila maumivu, unalala upande huo usiku mzima, na nguvu ya kuvuta tyubu kwenda nje inakaribia ya mkono wa pili. Kwa asiyepasuliwa hilo huweza kufika kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mtu mwingine abebe kiti na akusaidie kuingia, kwa sababu kuingia kwenye kiti cha mbio ni kigumu kuliko kusukuma mwendo mdogo. Lami tambarare, saa 12 asubuhi kabla ya malori na jua, kwa kuwa mwenye jeraha la uti wa mgongo sehemu za juu hatoki jasho la kutosha chini ya jeraha. Dakika 15, moja ya kusukuma na moja ya kuachia kiti kiende. Mara tatu kwa wiki. Usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki, na ongeza muda kabla ya kasi. Mtu apige video kutoka nyuma. Kiwiko kikipanda juu sana kuliko mgongo wakati mkono unarudi, kishushwe hata kama kasi itapungua. Miinuko na kuanza kwa kasi viwe vya mwisho kabisa, na mazoezi ya tyubu yaendelee mara mbili kwa wiki msimu mzima.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ana kalenda nyingine: mkono kwenye kitambaa wiki 4 hadi 6, hakuna kuubebesha mwili hadi wiki ya 12 hivi, na mbio baada ya miezi 6 au zaidi. Apange kabla ya kulazwa nani atamhamisha kwa miezi mitatu, usiku na mchana, na mtu huyo afundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia wodini, kwa vitendo, si siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Akiweza kuchagua tarehe, akwepe wiki hizo zisiangukie masika, kati ya Machi na Mei, wakati njia za vumbi zinageuka tope na hata msukumaji mwenye nguvu anakwama.